Madoa ya Gari la Mzee Ndahani

Gervas amezeeka vizuri, jambo ambalo sikulitegemea. Nilikuwa sijamwona tangu aliporudi kwao Chemba kulima alizeti, na mwezi uliopita nikasikia yuko Ipagala kwa binti yake, amekuja kwenye komunyo ya kwanza ya mjukuu. Nilikwenda bila kualikwa. Nilimkuta kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango wa jiko, mahali ambapo harufu ya pilau humfikia mtu kabla ya wageni wengine, na kabla sijafungua mdomo akasema, "Zaina, bado unatembea kama mtu anayekwenda kugombana." Nikamwambia shikamoo fundi, akaitikia marahaba, tukacheka mpaka wajukuu wakatukodolea macho. Pale uani palikuwa na gari jipya la mkwewe, jeupe, na vijana walikuwa wamelizunguka wakibishana juu ya vidoa vya rangi ya kutu vilivyotapakaa kwenye mlango wa nyuma. Mmoja alitaka vifutwe kwa petroli. Mwingine alikuwa ameshatoa simu kutafuta dawa, na wa tatu alishikilia kwamba rangi ya kiwandani ndiyo mbovu. Mimi na Gervas tukajikuta tumesema kwa pamoja, "Kwanza jueni ni nini." Wakageuka kututazama, kisha wakaendelea kubishana.

Maneno hayo yalikuwa yake, mimi niliyaokota tu, katika mwaka ambao najua sasa kwamba ndio ulionifanya niwe hivi nilivyo. Ya nyumbani Kondoa nayaacha. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, sina simu, nina begi moja na kiburi cha kutosha watu watatu. Nilipanga chumba Nkuhungu, kwa Mzee Ndahani na mkewe, chumba chenye dirisha dogo la mbao na ukuta usiofika juu, kwa hiyo baina yangu na sebule yao kulikuwa na nafasi ya kupita paka, harufu na maneno. Kona moja walikuwa wameniachia gunia la karanga ambalo hawakuwa na pa kuliweka, na nilijifunza kulala na harufu yake, kiasi kwamba hata leo nikinunua karanga sokoni nahisi usingizi. Mama Ndahani alinikataza kujipikia siku ya kwanza tu. "Moto mmoja unatosha," alisema, na tangu hapo nilikula mezani kwao: ugali wa uwele, mlenda, siku nyingine maziwa mgando kwenye kibuyu chenye harufu ya moshi. Mimi wa Kondoa nilijiona naujua mlenda, kumbe sijui kitu. Mama Ndahani alikuwa na namna yake ya kuuvuta kwa tonge na kuukata kwa kidole bila kudondosha hata tone, na alinicheka kila siku kwa jinsi nilivyokuwa nikijichafua kidevu.

Kazi niliipata ng'ambo ya uzio. Mzee Ndahani alikuwa na kiwanja kitupu kilichopakana na nyumba, kimetengwa kwa uzio wa minyaa, na humo alikuwa amemruhusu Gervas kufanya kazi yake ya kupaka na kung'arisha rangi za magari. Hapakuwa na jengo. Palikuwa na pipa, mashine ya upepo ya kupulizia rangi, yenye kelele, na gari la mtu yeyote aliyekuwa amegonga au kugongwa wiki hiyo. Nilikuwa nimeshazunguka kwa mafundi kadhaa nikiomba kazi, na wote walinicheka, mmoja mpaka akaita wenzake waje wanione. Gervas hakucheka. Aliniuliza nimwonyeshe kucha. Nilipomwonyesha kwamba ni fupi, haziwezi kukwaruza rangi, akanipa kitambaa na kunielekeza mlango wa gari. Alikuwa mtu wa maneno machache kwa Kiswahili, lakini akiwa kazini peke yake alizungumza na rangi kwa Kisandawe, na zile sauti za ulimi zilikuwa zinanifikia chini ya gari nikiwa nimelala chali nasugua, nikajua kazi inakwenda vizuri au vibaya bila kuelewa hata neno moja.

Katikati ya mwaka gari likaja. Ili mtu aelewe uzito wa jambo hili ni lazima ajue kwamba Mzee Ndahani alikuwa dereva maisha yake yote, dereva wa idara, akiendesha magari ya watu, akiyaosha, akiyalaza, akiyaamsha, na akastaafu bila kuwahi kumiliki hata baiskeli yenye kengele. Mwanawe Elia alikuwa na biashara Dar es Salaam na siku moja akatuma dereva alete gari dogo la bluu iliyokoza, jipya kweli kweli, viti bado vimevikwa nailoni. Mzee alitoka nje na kandambili tofauti miguuni. Alilizunguka gari bila kuligusa, akaingia ndani, akakaa kwenye usukani, akafunga mlango, na akabaki humo muda mrefu. Mama Ndahani alinishika mkono akaniambia, "Muache. Analia." Kweli alikuwa analia, na mimi nikalia pia, kwa sababu ambazo sikuwa na haja ya kuzitafuta.

Jumamosi iliyofuata likafanyiwa dua ya ukoo wao. Mchungaji alikuwa ameahidi kuliombea Jumapili baada ya ibada, lakini kwanza ilibidi aje Babu Masima, mjomba wa Mzee, kutoka Miyuji, ambako wakati huo kulikuwa bado mashamba ya zabibu na nyumba za kuhesabika. Babu Masima alikuwa mwembamba, mwenye koti la suti lisilovuliwa hata jua liwe kali vipi, na mjivuni kuliko mtu yeyote niliyemjua. Mimi aliniita mke wake mdogo tangu siku ya kwanza kuniona, kama mababu wanavyofanya, nami nilimwita mume wangu na kumwuliza mbele za watu ataniletea lini kanga. Siku hiyo, baada ya Gervas kumsogezea kiti apumzike, alisimama mbele ya gari saa sita ya mchana, jua limetuwakia utosini, akachanganya maji na unga kidogo wa uwele kwenye kibuyu, akachovya tawi lenye majani na kuanza kunyunyiza. Alinyunyiza boneti, kioo cha mbele, paa, na upande wa dereva. Alisema kwa Kigogo kwamba gari liende na lirudi, lisile watu, lisiwatupe watoto wa watu njiani. Kisha tukaenda kula. Maji ya dua hayafutwi, huachwa yakauke yenyewe, ndiyo desturi yao, kwa hiyo gari likabaki pale juani likikauka huku sisi tuko ndani na nyama ya mbuzi na sinia la zabibu, na Babu Masima akisimulia jinsi alivyowahi kumkatalia mkuu fulani kiti chake.

Wiki iliyofuata Gervas alipuliza rangi ya kijani kwenye milango ya lori. Upepo wa Dodoma ule wa kiangazi ulikuwa unavuma kutoka kiwanjani kwetu kwenda uani kwao, na nakumbuka alisimama mara mbili, akatazama uzio, akaendelea. Mzee alikuwa halioshi gari lake kwa maji, akiogopa kulichosha. Alilipangusa vumbi kwa kitambaa laini. Siku alipolipangusa sawasawa kwa mara ya kwanza tangu dua, tulisikia sauti yake hadi upande wetu. Boneti lote lilikuwa na madoa, mengine madogo kama punje, mengine mapana kama vifungo vya shati, duara nyeupe zilizokataa kutoka. Alisugua kwa kitambaa, akasugua kwa mate, akasugua kwa pindo la shati. Halafu akaja kwenye uzio na kusema, bila kupandisha sauti, jambo ambalo lilinitisha zaidi, "Gervas, umeniharibia gari ya mwanangu."

Jioni hiyo mezani hakuna aliyenitania kuhusu mlenda. Niliingia chumbani mapema nikakaa juu ya gunia la karanga, na ukuta ule usiofika juu ukaniletea kila kitu. Walianza kwa Kigogo, lakini Mzee akikasirika Kiswahili kilimjia chenyewe, kile cha ofisini. "Mwisho wa mwezi aondoke," alisema. "Nimempa kiwanja, ananipulizia rangi." Mama Ndahani akamwuliza kama ana uhakika. "Uhakika gani? Nani mwingine anapuliza vitu hapa?" Halafu sauti ya chini iliyonichoma zaidi: "Elia akija Krismasi nitamwonyesha nini? Atasema baba hata kulitunza hajui." Nilitaka kumkasirikia nikashindwa. Lakini nilijua pia maana ya mwisho wa mwezi. Gervas hakuwa na kiwanja kingine mjini, na mimi hapakuwa na fundi mwingine ambaye angenipa kitambaa. Gervas akiondoka, mimi ningekuwa msichana mwenye kucha fupi na begi moja.

Asubuhi nilimweleza Gervas yote, na nikamwambia mpango wangu: tuyasugue madoa kwa dawa kali siku hiyo hiyo, yatoke, mambo yaishe. "Na kama ni rangi yangu?" akauliza. Nikasema itatoka pia. "Na kama si rangi, ukaichuna rangi ya gari lake?" Akaniambia kwamba doa kila moja lina chanzo chake, na kinacholitoa moja hulizidisha jingine. "Kwanza tujue ni nini. Ikiwa ni yangu, nitaondoka bila kusukumwa." Nilimwona mjinga siku ile. Mimi nilitaka kushinda, yeye alitaka kujua, na imenichukua miaka mingi na magari mengi kuona kwamba mtu anayetaka kujua hushinda mara nyingi zaidi.

Ila Mzee Ndahani hakutaka hata kuona kivuli cha Gervas kwenye gari lake. Alisimama uani mikono kiunoni na kutoa hukumu. "Zaina aangalie, huyu anakula kwangu. Wewe baki huko huko." Basi ikawa hivyo: mimi upande huu na ndoo na vitambaa, Gervas upande wa pili wa minyaa, anapaza sauti kama anamwelekeza mtu kurudisha nyuma lori. Mama Ndahani alileta kigoda akakaa jikoni mlangoni, anachambua mboga, masikio yote kwetu.

"Osha kwanza, polepole, sabuni kidogo," akasema Gervas. "Usitumie maji ya kisima, chukua ya bomba." Nikaosha kipande cha boneti, nikakausha. Madoa yalikuwepo. "Sasa vaa mfuko wa nailoni mkononi, ule mwembamba wa sokoni. Pitisha vidole juu ya doa. Unasikia nini?" Hilo nalifundisha mpaka leo kwa wasichana watatu wanaofanya kazi ya rangi kwangu: nailoni nyembamba hufanya ncha ya kidole isikie zaidi, hata chembe ambayo jicho haliioni. Nikapitisha. "Laini karibu yote," nikasema. "Kuna ukingo mdogo kwenye duara. Katikati hakuna kitu." Gervas akasogea karibu na minyaa. "Rangi iliyopeperuka ingekukwaruza kama mchanga," akasema. "Na ingekuwa kila mahali. Angalia upande wa abiria. Angalia taa za nyuma." Nilizunguka. Upande wa abiria ulikuwa safi. Nyuma palikuwa safi. Chini ya milango nilikuta vidoa vyeusi vinavyonata, nikapaza sauti kwa furaha, na Gervas akaniambia nitie mafuta ya taa kidogo kwenye pamba. Vikayeyuka mara moja. "Hiyo ni lami ya barabarani, imekuja nayo kutoka Dar. Haina kesi." Nikajaribu pamba hiyo hiyo kwenye duara nyeupe, haikushtuka. Nikauliza kama inaweza kuwa utomvu wa minyaa. "Utomvu unanata kwanza, halafu unakuwa mgumu. Na minyaa haitembei, gari liko mbali nayo." Ndege? Hapana, ndege huacha kidonda kimoja kikubwa chenye tope.

"Angalia kioo," akasema. Kwenye kioo cha mbele duara zilikuwa zile zile. Nikachukua wembe, nikaulaza, nikakwangua moja taratibu, na unga mweupe ukadondoka. Hakukuwa na hata chembe ya kijani. Nilipoinua wipa ili nikwangue vizuri zaidi niliona, kwenye mfereji ule mwembamba chini ya kioo, uji uliokauka wa rangi ya kijivu na jani moja limegandana nao. Nikalishika. Nikaurudisha mkono kwenye boneti, nikaanza kuona ambacho nilikuwa naangalia muda wote bila kukiona: madoa yalikuwa yamejipanga kwa mistari, makubwa mwanzo wa kila mstari na madogo mwishoni, yametupwa kutoka mbele, upande wa dereva. Mkono wa mtu. Nilisimama na lile jani kwenye kiganja.

Nilikwenda kwenye uzio nikamwonyesha Gervas. Aliliangalia jani, akaliangalia gari, na nikaona mabega yake yakishuka kama mtu aliyetua gunia. Hakuwa yeye. Alifunga macho akasema kitu kwa Kisandawe, kifupi. Maji yetu ya kisima Nkuhungu yalikuwa na chumvi; ukichemsha chai, sufuria huvaa koti jeupe. Maji hayo yakikauka juani juu ya bati la moto, yanaacha chumvi na chokaa yake, na vikikaa siku kadhaa vinaanza kula rangi. Kama yangefutwa saa ile ile yangetoka kwa kitambaa. Lakini hayakufutwa, kwa sababu maji ya dua hayafutwi. Furaha yetu ilidumu muda wa kuvuta pumzi mara moja, kwa kuwa sasa ilibidi mtu amwambie Mzee Ndahani kwamba gari lake halikuharibiwa na Msandawe wa ng'ambo ya uzio, bali na baraka za mjomba wake.

Nilijaribu njia fupi. Nilimwambia Mzee ni maji tu. "Maji yapi?" akauliza. "Mvua imenyesha lini hapa?" Nikachukua ndoo nikaondoka. Mama Ndahani alikuwa ameacha mboga. Alinifuata nyuma ya nyumba na uso wa mtu aliyekwisha kuelewa. "Nilichota mimi," alisema kwa sauti ya chini. "Babu aliomba maji ya mvua, nikaona mtungi umebaki na maji kidogo, nikachukua ya kisima. Nilijua maji ni maji." Kisha akanishika mkono kama siku ile ya gari. "Mwanangu, hata Mzee akijua hatakubali. Utasugua vipi dua? Atahofia gari litaua watu. Atakaa na madoa na atamfukuza Gervas vile vile, maana atahitaji mtu wa kumkasirikia." Kila nikikumbuka maneno hayo huwa nashangaa jinsi mwanamke yule, ambaye wengi walimdhani mkimya tu, alivyomjua mumewe mpaka kwenye kona.

Kwa hiyo nilifunga kanga yangu nikaenda Miyuji kwa miguu. Palikuwa na mtu mmoja tu anayeweza kuisemea dua ile, na ni mwenyewe aliyeisema, na palikuwa na njia moja tu ya kumfikia mzee mwenye kiburi kile, nayo ni utani. Nilimkuta Babu Masima chumbani kwake, koti mwilini, amekaa kitandani anamenya karanga kwenye bakuli. "Mbukwenyi, mume wangu," nikamwamkia. "Mke mdogo! Umenifuata mwenyewe? Mkubwa yuko shambani, tuongee haraka." Nikakaa chini, nikajitwalia karanga zake bila kuomba, nikasema, "Nimekuja kukushtaki. Baraka zako kali mno. Zimeshika mpaka kwenye rangi." Akacheka sana, akajipiga gotini kwa kiganja. Nikaendelea, "Nimeosha kwa sabuni, hazitoki. Nimeweka mafuta ya taa, hazitoki. Mume gani huyu, akigusa kitu hakitakati?" Akacheka tena, kisha kicheko kikaanza kupungua, akaacha kumenya. "Rangi gani?" akauliza.

Nikamweleza, sasa bila utani. Uso wake ulibadilika, na kwa muda niliogopa kweli. "Mnasema nimeharibu gari ya mtoto wangu?" Nikamwambia si yeye, ni chumvi ya maji. "Niliomba maji ya mvua!" akafoka. Sikumtaja Mama Ndahani, na yeye hakuuliza. Nikamwambia ambacho kilikuwa kinanileta: Gervas anafukuzwa mwisho wa mwezi kwa kosa ambalo si lake, na mimi sina pa kwenda kufanya kazi. Babu Masima akasukuma bakuli la karanga kando. "Huyo Msandawe," akasema, "ndiye aliyenisogezea kiti siku ile, nilipokuja?" Nikasema ndiye. Akainuka. "Maji yalifanya kazi yake siku ile ile. Yaliyobaki ni uchafu. Wewe ukishakula, unaacha sahani chafu ili ukumbuke umeshiba?" Alinitangulia kutoka nje, na njia nzima hadi Nkuhungu alinilalamikia kwamba alilibariki gari lakini hakuna aliyewaza kumpandisha.

Tulipofika alimwita Mzee Ndahani, akafungua mwenyewe mlango wa mbele, akakaa kiti cha abiria, akamwashiria mpwa wake akae kwenye usukani, na milango ikafungwa. Vioo vilikuwa juu. Tuliona midomo ya Babu ikitembea na kichwa cha Mzee kikiwa kimeinama, tukaona Mzee akinyoosha kidole kwenye kioo, kwenye duara moja, na Babu akikitoa kidole hicho kwa kofi dogo. Mama Ndahani alikuwa akisali. Gervas alikuwa bado upande wake wa minyaa, amesimama wima na mikono nyuma, kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Walipotoka, Mzee hakunitazama mimi wala hakumtazama mkewe. Alisema neno moja, "Safisheni," na akaongeza baada ya hatua chache, "Wote."

Gervas alizunguka uzio. Hakukimbia, lakini nilimjua vya kutosha kuona jinsi alivyojizuia. Alilisukuma gari pamoja nasi hadi ubavuni mwa nyumba, ambako alasiri hupatikana kivuli chembamba, na akaligusa boneti kwa kiganja kusubiri lipoe. Mama Ndahani alitoa siki ya kachumbari. Tuliichanganya na maji ya bomba, tukalaza vitambaa vilivyolowa juu ya madoa kwa muda mfupi tu, tukavitoa, tukasuuza. Lile ganda jeupe lililegea na kuondoka kana kwamba halikuwahi kuwa na ubishi. Chini yake zilibaki duara hafifu, alama ambazo chumvi ilikuwa imeshazila, na hizo Gervas alizifanyia kazi kwa dawa laini ya kung'arishia, kwa mkono, bila mashine, kiganja kimoja kwa wakati mmoja. Kivuli kilikuwa kinatukimbia. Ilibidi tusimame na kulisogeza gari kila mara. Alinipa nusu ya boneti. Hakunielekeza hata mara moja siku ile, na nilipomaliza alipitisha kidole chenye nailoni juu ya kazi yangu, akaendelea na yake. Sijawahi kupewa cheti kilichonifurahisha kuliko kile kidole.

Juu ya paa zilibaki alama tano au sita ambazo hazikutoka. Gervas alimwita Mzee, akamwonyesha wazi. "Hizi zimeingia ndani. Nikizidi kusugua nitafika kwenye bati. Sitazigusa, labda uamue mwenyewe." Nilitamani angenyamaza, paani ni nani angeona? Mzee alipanda kwenye kigoda cha mkewe, akaziangalia, akashuka. "Acha," akasema. Kisha akampakia mjomba wake kumrudisha Miyuji, na ile bluu ikapita kwenye vumbi la barabara ikiwa inang'aa kuliko siku ilipokuja. Kuhusu mwisho wa mwezi hakusema lolote. Hakusema siku hiyo, wala kesho yake, wala siku zilizofuata. Mezani alikula kimya, na ukuta wangu haukuniletea kitu zaidi ya mikoromo. Gervas alianza kupanga makopo yake kwenye masanduku, taratibu, bila kulalamika, na mimi nilimkasirikia kwa kila kopo.

Halafu asubuhi moja, jua bado halijakolea, nilisikia mdundo wa chuma kwenye ardhi ngumu ng'ambo ya uzio. Nilitoka mbio na kanga begani, nikiwa na hakika kwamba Mzee amekuja kutuondoa. Gervas alikuwa ameshafika, amesimama kando ya masanduku yake. Mzee Ndahani alikuwa katikati ya kiwanja, amevaa kaptura ambayo sikuwahi kumwona nayo, anachimba shimo. Pembeni yake palikuwa na nguzo nne na rundo la mabati yaliyowahi kutumika. Hakuinua uso. Alichimba mpaka shimo likafika magotini, akapima kwa nguzo, akatikisa kichwa, akachimba tena.

"Gari halioshwi juani," akasema mwishowe, akiwa bado ameinama. "Mimi nimekuwa dereva miaka yote, nilipaswa kulijua hilo. Mnafanyaje kazi hapa bila kivuli?"

Mimi nililia pale pale, kwa sauti, bila aibu yoyote, mpaka Mama Ndahani akatoka jikoni kuuliza nani amekufa. Mzee akajinyoosha, mkono kiunoni, akamnyooshea Gervas sururu.

"Hilo lingine chimba wewe," alisema. "Mgongo wangu umekwisha."